Jedwali la Rangi la Darshana

Ukiwauliza watu wa mtaa wetu hapa Nakuru kuhusu Darshana wa studio, wengi watakwambia ni yule msichana wa Kihindi asiyesalimia. Mimi nakataa. Darshana husalimia, ila salamu yake huchelewa. Ukiingia ukamwambia "sasa", huwa bado anahesabu kitu kichwani, na ukishafika mlangoni ukitoka ndipo unasikia "poa" nyuma ya mgongo wako. Nimefanya naye kazi kaunta moja na sijawahi kumwona akimdharau mtu. Mwenye mdomo ni mimi. Yeye ana haraka tu, na haraka yenyewe haiko miguuni.

Naitwa Wangui, naishi Free Area. Studio ilikuwa ya baba yake, Mzee Mohanlal, aliyewapiga picha watu wa Nakuru tangu enzi za filamu. Mzee alikuwa na jicho kali. Angeitazama picha mara moja akasema uso huu umekosa nuru, rudia. Baadaye mtoto wa jicho akamshika, macho yote mawili yakaingia ukungu, na Darshana, aliyekuwa amesomea kompyuta Nairobi na kupata kazi huko, akaiacha kazi hiyo akarudi nyumbani. Hakulalamika. Alikuja na begi la nguo na makasha ya vitabu, akaketi mbele ya kompyuta ya studio, akaiwasha, akasubiri, akasubiri tena, kisha akanigeukia. Nikamwambia karibu Nakuru.

Kompyuta ile ilikuwa nzee na programu ya kuchapisha ilikuwa inajikokota. Ukiipa picha moja unaweza kwenda kunywa chai kwenye kibanda cha nyuma na ukirudi bado inafikiria. Miezi mingine tulivumilia, lakini Desemba ya 2007 ilipofika tulibanwa. Desemba ndiyo msimu wetu: harusi kila Jumamosi, vijana waliotoka kutahiriwa wamevaa suti mpya na kofia, familia zimerudi kutoka Nairobi na zinataka picha moja wakiwa wote kabla hazijatawanyika. Wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa mshindani wetu, na wengine walikuwa wanapita dirishani kwetu wakiwa wameshika bahasha zake. Ilinichoma roho.

Darshana aliamua kuiandika upya ile sehemu inayogeuza rangi. Alinieleza mwenyewe, kwa sababu akishafurahia jambo lazima amwambie mtu, na mtu aliyekuwapo ni mimi.

"Auntie Wangui, picha ni nukta tu," aliniambia. "Nukta nyingi sana. Kila moja iko na red, green na blue. Sasa printer haijui hizo, inajua wino. So kila nukta lazima igeuzwe, na kila mara hii kompyuta inapiga hesabu ile ile kama haijawahi kuipiga."

Dawa yake ilikuwa kuipiga hesabu hiyo mapema, mara moja, na kuyaweka majibu kwenye jedwali, sawa na lile jedwali la kuzidisha lililokuwa nyuma ya daftari zetu za shule. Nukta ikija, kompyuta haifikirii, inatazama jedwali na kuchukua jibu. Lakini jedwali lenye rangi zote lilikuwa kubwa mno. Halikutosha kwenye kumbukumbu ndogo iliyo karibu na moyo wa kompyuta, na kila jibu likawa la kufuatwa mbali, kama duka ambalo bidhaa zote ziko stoo ya nyuma. Kwa hiyo akalikata. Badala ya kila rangi kuwa na ngazi mia mbili na zaidi kutoka giza hadi mwanga, akaiachia ngazi thelathini na mbili zilizolingana. Nukta iliyoangukia katikati ya ngazi mbili ilishushwa kwenye ile ya chini, kwa sababu kushusha ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kwa kompyuta. Inakata mkia wa namba na kuendelea.

Alijaribu kwa picha za harusi ya binamu yake Kavita, zilizopigwa ukumbini chini ya taa kali. Sari nyekundu, dhahabu shingoni, mashavu yanang'aa. Picha zilitoka moja baada ya nyingine, chai yangu haijapoa, na rangi zilikuwa safi. Mzee Mohanlal alizileta karibu na pua yake, akaona wekundu tu, akapiga makofi. Nami nilifurahi. Darshana alikuwa amefanya jambo gumu peke yake, bila kusaidiwa na mtu, na siku hiyo aliniletea chevda, vile vitafunio vya pilipili vya mama yake, kwenye karatasi.

Katika wiki hiyo hiyo nilijipiga picha ya Krismasi na ikatoka nyeusi tii. Nikamwambia Darshana kwamba amenitoa kwenye gunia la makaa. Alicheka, akaitazama picha kwenye skrini, akaniona niko sawa kabisa, akasema lazima ni taa. Mzee naye akasema kutoka kwenye kiti chake, "Ongeza taa." Hivyo ndivyo studio zote zilivyofanya tangu zamani mteja akiwa mweusi: unaongeza taa. Tukaleta taa nyingine mbili, sura yangu ikaonekana, tukaendelea na kazi.

Halafu uchaguzi ukafika, na baada ya uchaguzi kila mtu anajua kilichofuata. Mimi sitaki kukisimulia. Nitasema tu kwamba Januari ilipokaribia kwisha moshi wa nyumba zilizochomwa ulifika Nakuru, kafyu ikawekwa, na nikajikuta nawaogopa watu niliokuwa nawauzia fremu za picha. Jamaa wengi wa Mzee Mohanlal walihamia Nairobi. Mzee alikataa, na Darshana hakumwacha. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, na jenereta tuliyokuwa nayo iliweza kubeba kompyuta na printer tu. Taa za studio zikazimwa. Wachache waliokuja kupigwa picha tuliwapigia kwenye veranda, kivulini.

Ndipo akina mama wa kanisa fulani wakaja. Waliongozwa na Chelangat, mwalimu wa chekechea aliyekuwa anawatunza watoto waliopotezana na wazazi wao kule kwenye kambi ya wakimbizi ya uwanja wa michezo. Alikuwa amewapiga picha kwa kamera ndogo, ndani ya hema, na alitaka zichapishwe, nyuso nyingi kwenye karatasi moja, zibandikwe kwenye ubao ili wazazi wanaopita wazione. Watoto walikuwa wengi, na kila siku walikuwa wanaongezeka. Darshana alichukua kazi yote bila kumwuliza baba yake.

Sijawahi kumwona akiwa mtu kamili kama siku zile. Karatasi zilitoka kwa kasi, jenereta ikizimwa kabla mafuta hayajaisha, na aliniambia kwamba programu ya zamani ingetushinda hapo hapo. Alisema kweli. Alianza hata kusalimia watu kwa wakati. Chelangat alipokuja kuchukua karatasi alikuwa anazitia kwenye mfuko bila kuzitazama sana, maana nje gari lilikuwa linamsubiri, na watoto wenyewe alikuwa anawajua kwa sura. Hakuhitaji picha kuwatambua.

Siku moja ya Februari, mchana, akaingia mwanamke mwembamba aliyevaa koti la mvua la kampuni ya maua. Alijitambulisha kuwa Naliaka. Kitambulisho chake kiliungua na nyumba yake Kihoto, kule Naivasha, na alitaka picha ya kuombea kingine akifika kwao Bungoma. Lori lingewabeba asubuhi yake. Aliponisikia naongea, akaniangalia kwa makini na kuniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Nakuru. Akauliza jina, nikasema Wangui, naye akasogea hatua nyuma. Sikumlaumu. Waliomchomea nyumba walikuwa na majina ya Kikuyu kama langu, na mimi nilikuwa na aibu ambayo sikujua niiweke wapi.

Darshana alimpiga picha kwenye veranda huku mimi nikijifanya kupanga bahasha. Naliaka alizungumza naye, na hivyo nikasikia yote. Ile Jumapili ya fujo ya Naivasha alikuwa ameitwa kazini kufunga mawaridi ya Valentine, kwa sababu msimu huo mashamba ya maua hayajui Jumapili. Mtoto wake Abby, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alimwachia jirani. Fujo ilipoanza jirani alikimbia naye, na katika kupandishwa malori ya polisi wakatenganishwa. Mtu fulani alimwambia kuna watoto walioletwa Nakuru. Alikuwa amesimama mbele ya ubao ule wa uwanjani asubuhi baada ya asubuhi na mtoto wake hakuwapo. Sasa alikuwa anaenda kwao bila yeye, na alisema maneno hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Nadhani alikuwa amelia hadi machozi yakakauka.

Picha ikatoka. Darshana akaikata vizuri, akampa. Naliaka akaitazama kwa muda.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Hapana. Huyu hana macho."

Darshana akaichukua akaitazama, nadhani kwa mara ya kwanza. Kwenye skrini Naliaka alikuwa Naliaka: macho yenye uchovu, mfupa wa shavu, pengo kwenye meno. Kwenye karatasi kulikuwa na duara jeusi lililozungukwa na shela ya kichwani iliyotoka vizuri sana. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo, nilitaka kusema jambo kuhusu makaa, lakini Naliaka alinitangulia.

"Zile picha za watoto kule uwanjani," alisema polepole, "zilitoka kwa hii mashini?"

Darshana alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. Akafungua picha za watoto moja moja, si kwenye karatasi bali kwenye skrini, ambako hakuna rangi iliyogeuzwa wala kushushwa. Naliaka alisimama nyuma yake. Nyuso zikapita. Kwa mara ya kwanza nami niliwaona wale watoto: huyu kanuna, huyu ana makamasi, huyu anataka kuicheka kamera. Kisha akaja mtoto wa kike mwenye kovu dogo la uji wa moto kwenye shavu, na Naliaka akaishika meza.

"Ni Abby," akasema. Halafu: "Nilisimama mbele yake. Nilimwangalia mtoto wangu nikasema si yeye."

Alilia sasa, na alilia kwa kujilaani. Mama gani asiyemjua mwanawe, aliuliza, mama gani. Nilimshika bega, akaniacha nimshike. Darshana alikuwa bado amemkazia macho yule mtoto wa kwenye skrini.

Tungeweza kukimbia uwanjani hapo hapo, na mimi nilikuwa nimeshachukua mkoba. Ni Naliaka aliyetuzuia. Alisema yule madam wa watoto hatamkubali. Kulikuwa na mtu aliyejifanya mzazi na nusura aondoke na mtoto asiye wake, na tangu hapo Chelangat aliweka sheria: hakuna anayeingizwa kwenye hema la watoto; kila mzazi anasimama mbele ya ubao na kusema wazi wake yuko au hayuko, na akina mama wa kanisa wanasikia. Aliyezikana picha za leo harudi kesho kudai mtoto wa picha hizo hizo. Naliaka alikuwa amesema hayuko mbele ya wote. Hakuwa na cheti, hakuwa na kitambulisho, vyote viliungua.

Darshana akaniambia niwashe jenereta. Akaichapisha karatasi yenye picha ya Abby kwa programu ile ya zamani, ile ya kujikokota, na tukakaa watu watatu tukiisubiri. Akaichapisha tena kwa programu yake. Akazitia zote mbili kwenye bahasha na tukatoka.

Chelangat tulimkuta nje ya hema, na Abby alikuwa kiunoni mwake. Mtoto alipomwona mama yake alimtazama, kisha akaficha uso kwenye shingo ya Chelangat. Sitasahau jinsi Naliaka alivyosimama hapo. Chelangat alikuwa mpole lakini hakulegea. Alimkumbusha kwamba alisimama mbele ya ubao, akaulizwa, akakana, na mtoto mwenyewe ndiye huyu anamkimbia.

Darshana huwa haongei mbele ya watu. Hata kwenye harusi za kwao hukaa karibu na jikoni. Siku hiyo alizitoa zile karatasi mbili, akazishika bega kwa bega kwenye jua, na akina mama wa kanisa waliokuwa hapo wakasogea.

"Madam, hakukataa mtoto wake," alisema. "Alikataa hii. Hii ni kazi yangu. Nilitaka programu iende haraka, nikapunguza hatua za rangi, na nikazipunguza sawa pande zote. Mtu mweupe kwa taa, kosa halionekani. Mtu mweusi kwa kivuli, nukta zake zote zinashuka kwenye giza moja, anapotea. Sikujaribu na mtu mweusi hata mmoja. Nilijaribu na cousin yangu."

Chelangat aliitazama karatasi ya kushoto, akaitazama ya kulia, akamtazama mtoto aliyembeba. Aliitazama tena ya kushoto. Mwishowe alisema Naliaka anaweza kujaribu, lakini asimvute mtoto.

Naliaka hakumvuta. Aliifungua leso yake, akatandaza pembe zake, kisha akawageuzia wote mgongo na kuchuchumaa, mikono nyuma, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi huko Kihoto kabla ya kwenda kazini. Chelangat akamshusha mtoto chini. Abby alisimama akiyumba, akitazama ule mgongo. Ilichukua muda. Halafu akatembea, akauegemea, akalaza shavu lake lenye kovu, na mikono ya mama yake ikamzunguka kwa nyuma. Akina mama wa kanisa walianza kulia, na mimi pia, sina haja ya kuficha.

Darshana peke yake ndiye hakulia, kwa sababu Chelangat alikuwa amemgeukia.

"Na hawa wengine?" Chelangat aliuliza, akionyesha ubao kwa kidole.

Tulirudi studio. Darshana aliketi na kulirekebisha lile jedwali, na naeleza hapa jinsi alivyofanya kwa sababu ndilo jambo linalomuumiza mpaka leo. Hakuongeza ngazi. Zilibaki thelathini na mbili zile zile. Alizipanga tu upya, nyingi upande wa giza, chache upande wa mwanga, na nukta ya katikati akaiacha iende kwenye ngazi iliyo karibu badala ya kuishusha. Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Alipoijaribu, mwendo ulikuwa ule ule. Haikupungua kasi hata kidogo. Alinitazama akaniambia kwamba angeweza kufanya hivyo tangu Desemba na asingepoteza chochote.

Asubuhi tulikwenda kubandika karatasi mpya. Nyuso zilionekana zote, mpaka makovu na nyusi. Naliaka alikuwa amekwisha kupanda lori la Bungoma na Abby mgongoni, na alipotuona alitoa mkono mmoja, hakuupunga, aliuinua tu. Malori mengine yalikuwa yameondoka wiki nzima, ya Kisumu, ya Busia, ya Kakamega, na uwanja ulikuwa umebaki na mabaka ya nyasi manjano pale mahema yaliposimama.

Mzee mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake ya maji alisogea, akazipitia picha zile zisizo na majina, uso baada ya uso, bila haraka. Akasimama kwenye picha ya mtoto aliyetaka kuicheka kamera.

"Huyu namjua," akasema. "Ni mtoto wa jirani yangu. Wazazi wake walikuwa hapa hapa, hema la pili kutoka langu."

Darshana akamwuliza wako wapi.

"Waliutazama ubao huu wakasema hayuko," mzee akasema. "Walienda na lori la jana."